Chama Kilichojua Kuzika

Mmenitumia ujumbe kwenye simu, wanangu, mnataka kurasa mbili za historia ya chama chetu cha wauguzi na matabibu wa afya ya akili hapa Rungwe, mziweke kwenye kijitabu cha sherehe. Katibu wenu akaongeza na maelekezo: niandike kwa lugha ya kutia moyo, nitaje waasisi, nitaje mafanikio, changamoto nisizitaje sana. Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Halafu nikaiweka simu kifudifudi mezani nikaenda kupalilia maharage, maana hasira ikinipanda huwa nashika jembe.

Sasa nimerudi, nimenawa mikono. Nitawaandikia. Hiyo lugha ya kutia moyo mtaiomba kwa mwingine.

Nianzie Jumanne iliyopita. Nilimsindikiza jirani yangu kwenye kituo kimoja cha afya cha huku kwetu, jina lake nalihifadhi, akapimwe presha. Yeye akiwa kwenye foleni, mimi miguu ikanipeleka upande wa wagonjwa wetu, mazoea ya miaka thelathini na tatu. Nje kwenye benchi alikaa binti wa kama miaka ishirini, mikono imefungwa kwa kamba ya mgomba, ile inayosokotwa kufungia mizigo ya majani ya ng'ombe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamuuliza mama yake wamefika saa ngapi.

"Tangu saa moja, juba," akasema, kwa lile neno letu la kumheshimu mama.

Nikamwendea muuguzi. Kijana nadhifu, kola imenyooka, simu mkononi. Nikamwambia, mwanangu, huyu mbona hajafunguliwa? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Bibi, huwa tunafungua sindano ikishashika. Ndiyo utaratibu."

Utaratibu! Nikamuuliza uliwekwa na nani. Hakujua. Akadhani ni mwongozo wa wizara. Wizara gani? Huo utaratibu tuliuweka sisi, chama chetu, bila kuandika hata mstari mmoja. Hiyo ndiyo historia mnayoitaka, kwa hiyo kaeni vizuri niwape.

Mimi kazi nilifundishwa na Mzee Ambokile. Wengi wenu hamkumwona. Alikuwa muuguzi wa zamani, mrefu, mpole, mwenye koti moja la mvua alilovaa mwaka mzima, na Tukuyu hii mnaijua, mwaka mzima mvua. Watu walimwita nesi wa vichaa, naye aliitika. Sheria yake ilikuwa kwamba mgonjwa aliyeletwa amefungwa anasalimiwa kwanza yeye, kabla ya ndugu zake, kwa jina lake. Anaulizwa kama amekula. Halafu anafunguliwa, na anayemfungua ni yule yule aliyemfunga nyumbani. Muuguzi anasimama pembeni, karibu, mikono wazi, anaongea mambo ya kawaida, ndizi, mvua, nani ameoa. Na kamba haikatwi. Ikikaza vipi, haikatwi.

Mimi niliikata. Mwaka wangu wa kwanza, damu inachemka, nimetoka chuoni najua kila kitu. Aliletwa baba mmoja kutoka Masukulu, vifundo vyake vya mikono vimevimba, nikachukua mkasi wa kufungulia bandeji nikaikata ile kamba mbele ya ndugu zake wote, na maneno juu: hivi nyie mnamfunga binadamu mwenzenu kama ndama? Nikajiona mtu wa maana sana. Yule baba akatibiwa siku tisa, akaenda nyumbani, na siku ya sindano yake ya mwezi hakuja. Mwezi wa pili hakuja. Mzee Ambokile akavaa koti lake akasema twende. Tukatembea hadi kwao. Tukamkuta kwenye banda nyuma ya nyumba, amefungwa, safari hii kwa waya.

Mke wake hakuniangalia usoni. Akamwambia Mzee, "Sista alikata kamba yetu mbele za watu, utadhani tumemwiba. Tutarudije pale?"

Mzee akamsalimia yule baba kwa jina, akamuuliza kama amekula, akaongea na mkewe kuhusu ng'ombe wao hadi mke mwenyewe akainuka akaufungua ule waya. Ilichukua nusu siku.  Wakati wa kurudi, tulipokaribia mjini, ndipo akasema, "Ulitaka wakuone una huruma. Wamekuona." Nililia barabarani, mtu mzima na sare yangu nyeupe.

Sasa chama. Msidhani kilianza na fulana. Kilianza Jumamosi moja kwenye stoo ya vitanda vibovu, watu watatu: Mzee, mimi, na tabibu mmoja aliyehamia kutoka Tanga, Bwana Msafiri, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu. Wakati ule wilaya nzima wa kazi hii tulikuwa sisi tu. Madaktari bingwa walikuwa na chama chao huko Dar es Salaam, nasikia walikutana hotelini wakasomeana karatasi. Sisi nani angetuita? Mzee akasema, kila mwezi kila mmoja alete mgonjwa mmoja aliyemshinda, amweleze kwa wenzake bila kujikosha. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa katiba.

Na ilifanya kazi, jamani! Hapo ndipo tulipogundua kwamba wagonjwa wa Suma wanakosa sindano kwa sababu siku ya kliniki inagongana na siku ya kuchuma chai, na hakuna atakayeacha majani yakomae shambani kwa ajili ya sindano. Mimi nilikuwa nimeshaandika peke yangu kuomba siku ibadilishwe, nikajibiwa nisifundishe watu kazi. Tukaandika watatu, kwa jina la chama, tukaeleza kitaalamu, kliniki ikahamishiwa siku ya soko. Watu wakaja na mikungu yao ya ndizi, wanauza, wanapita kuchomwa sindano, wanakwenda zao. Ile sheria ya kufungua kamba nayo tuliijadili pale, tukakubaliana ndiyo itakuwa yetu sote, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwetu aliifuata. Nyie mnaoniuliza kazi ya chama cha taaluma ni nini, ni hiyo. Kusema kwa pamoja kwamba kazi hii inafanywa hivi, ili atakayeulizwa asibaki peke yake.

Halafu tukaambiwa tujisajili. Katiba inahitajika, ndani ya wiki mbili. Mimi ndiye katibu. Sikuwahi kuona katiba ya chama cha kitaaluma, ila nilikuwa nayo moja nyumbani: ya kikundi cha kuzikana cha akina mama wa usharika wetu, na hapo pia nilikuwa katibu. Nikakaa nikainakili. Palipoandikwa akina mama wa usharika nikaweka wauguzi na matabibu wa afya ya akili. Mwanachama akifiwa, tutafanya hivi. Mwanachama akiuguliwa na mzazi, tutafanya vile. Na kwa haraka zangu nikasahau kukiondoa kipengele kimoja cha wapishi wa msibani, kwa hiyo hadi leo kifungu cha saba cha katiba yenu, kafungueni muone, kinasema kila mwanachama atafika na sufuria lake na kisu.

Hakuna aliyeona! Watu wasomi, na vyeti vyao, wakasaini. Mzee Ambokile pekee aliuliza, "Na mgonjwa aliyetushinda yuko kifungu gani?" Nikamwambia tutaongeza baadaye.

Hiyo baadaye haikufika, akafa yeye. Loo, tulimzika Mzee! Wanachama tulikuwa tumefika kumi na mmoja, tukaenda wote, na masufuria yetu kama katiba inavyosema, tukapika mbalaga, ndizi zetu za kupika, za kulisha kijiji, tukabeba maji, tukakaa na mjane siku zote za matanga. Watu wakasema, hiki chama kiko vizuri. Hata sisi tukaamini. Tangu hapo mtu akiingia kazini anaambiwa jiunge, siku ukifiwa utatuona. Jumamosi za kuleta mgonjwa aliyetushinda zikafa bila matangazo. Vikao vitatu mfululizo tulibishana rangi ya fulana. Nina kitabu cha kumbukumbu za vikao hapa, mwandiko ni wangu: kijani au bluu, kola au bila kola. Mimi niliyetembea hadi Masukulu kuoneshwa waya, nilikaa pale nikaandika kola au bila kola.

Ndipo akaja Lusekelo.

Lusekelo nilimfundisha mwenyewe. Kijana wa Suma, mcheshi, ana sauti ya chini ambayo wagonjwa waliipenda. Siku moja akaletewa kijana amefungwa kamba, ameletwa na mjomba wake. Lusekelo akafanya kila kitu kama tulivyomfundisha: akamsalimia, akamuuliza kama amekula, mjomba akafungua kamba mwenyewe, kijana akakaa, akapewa uji, akawa ananywa. Sindano inaandaliwa. Nje likaingia gari la mgeni mkubwa wa ukaguzi, dereva akapiga honi ndefu kwa sababu geti lilichelewa. Yule kijana akashtuka, akatoka mbio, akaokota jiwe, kioo cha gari kikaenda. Mgeni akachanika paji la uso, nyuzi nne.

Angekuwa mtu mwingine aliyechanika, habari ingeishia pale. Huyu alikuwa mkubwa. Lusekelo akasimamishwa kazi kwa uzembe: kumfungua mgonjwa hatari kabla ya dawa. Akajitetea kwamba ndivyo kazi inavyofanywa. Wakamwambia sawa, una siku kumi na nne, leta maandishi ya chama chako cha taaluma kwamba ndivyo inavyofanywa, la sivyo ni mambo yako mwenyewe.

Mnaona? Hawakuuliza kwa ubaya. Waliuliza swali ambalo chama kipo duniani ili kulijibu.

Alikuja kwangu mchana, amelowa, barua ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni. "Mama," akaniambia, "sitaki wakili, sitaki wanichangie. Nataka sentensi moja tu." Nikamwambia asihofu, tutaitisha kikao. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Kikao kilikaa siku ya nane. Bwana Msafiri akafungua kwa sala, akashukuru mahudhurio, akaifungua katiba. Alikuwa mtu mwema, msinielewe vibaya, lakini ukimwamsha usingizini angekuuliza utaratibu.

"Kifungu cha tano, msiba," akasoma. "Cha sita, kuuguliwa. Cha saba..." akaisogeza karatasi karibu na macho, akakiruka. "Ndugu zangu, namwonea huruma kijana wetu, wallahi. Lakini sioni pa kushika. Tukiandika barua nje ya katiba, kesho tutaulizwa kwa mamlaka gani."

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Lusekelo, kwani nyumbani wote wazima?"

"Wazima."

"Hata mama?"

"Mama mzima."

Yule mama akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi hapo ni pagumu."

Na hakuna aliyecheka, wanangu! Watu ishirini na mbili, kazi yetu kila siku ni kupima akili za wenzetu, tukakaa tukamsikitikia mtu kwa sababu mama yake hajafa. Lusekelo akatuangalia mmoja mmoja. Akasema, "Lakini nyie wote mnafungua. Mama, wewe ndiye uliyenifundisha." Nikainamia kitabu changu nikaandika kwamba mjumbe alichangia. Ikaundwa kamati ndogo ya kulifanyia kazi suala lile na kuleta taarifa kikao kijacho, baada ya miezi mitatu. Yeye alikuwa amebakiza siku sita.

Sasa niseme lile ambalo katibu wenu hatalipenda. Muhuri wa chama ulikuwa kwenye mkoba wangu. Karatasi yenye jina la chama nilikuwa nayo. Ningeweza kuandika ile sentensi jioni ile ile, nikagonga muhuri, wakanifukuza ukatibu, basi. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Niliogopa jalada langu nalo lisije likaguswa, niliogopa kuitwa mkorofi dakika za mwisho. Nikajiambia kamati ndogo italishughulikia. Kamati ndogo haikukutana hata mara moja.

Lusekelo akaachishwa kazi, kwenye jalada likabaki neno uzembe. Na nyie mlipoajiriwa mkakuta wakubwa wenu wamejifunza. Nani amfungue mtu tena, baada ya kuona ya Lusekelo? Hakuna aliyetoa agizo. Kila mtu alirudisha mikono yake mfukoni taratibu, na ndivyo binti wa watu anavyokaa na kamba kuanzia saa moja hadi saa nne, na kijana nadhifu anaita utaratibu.

Mwaka juzi mama yake Lusekelo alifariki. Hapo mngetuona! Saa mbili asubuhi tulishafika Suma, fulana za kijani zenye kola, masufuria, visu, kuni juu ya gari. Tulipika, tulifagia uwanja, kwaya ya chama ikaimba. Bwana Msafiri, mstaafu kama mimi, akasoma salamu ndefu za kitaaluma. Ikafika zamu ya mfiwa kushukuru. Lusekelo akasimama. Sasa ni mkulima, ana chai kidogo na parachichi, mikono imekomaa. Akashukuru wachungaji, akashukuru majirani, akatugeukia sisi.

"Ndaga fijo, asanteni sana, chama changu," akasema. "Mmekuja wote. Mama alikuwa mzima ile siku niliyowaita."

Akakaa. Hakupandisha sauti. Wajomba zake hawakuelewa, wakaitikia amina. Sisi tulielewa. Nilikuwa nimeshika mwiko wa kupakulia, nikaupakua ule wali nikiwa sioni sahani, na nina hakika Bwana Msafiri naye hakuonja kitu siku ile.

Mnadhani baada ya hapo tulijirekebisha? Aka! Kikao kilichofuata ajenda ilikuwa kununua turubai letu wenyewe la misibani.

Basi sikilizeni, kwa sababu jambo hili halijaisha na ndiyo sababu nimekubali kuandika. Mwezi uliopita Lusekelo alipata nafasi kwenye zahanati ya watu binafsi upande wa Mbeya, kazi yetu hii hii. Wakaomba taarifa zake, jalada likajibu uzembe. Ameomba lipitiwe upya. Waajiri wake wa zamani wamekubali, sharti ni lile lile: chama kiseme. Mwisho ni tarehe thelathini ya mwezi huu. Hakuja kwangu safari hii, nimeyasikia kwa mke wake sokoni, na hilo nalo limeniuma.

Kwa hiyo kurasa zenu mbili ni hizi, na barua nimeiandika hapa chini. Ni fupi, msiibadilishe:

"Sisi wauguzi na matabibu wa afya ya akili wa wilaya ya Rungwe tunathibitisha kwamba mgonjwa anayeletwa amefungwa hufunguliwa kwanza. Aliyemfunga ndiye humfungua, muuguzi akiwa pembeni. Tulikubaliana hivyo, tulifundisha hivyo, na tulifanya hivyo sote. Lusekelo alifanya kazi yake kama tulivyomfundisha. Haukuwa uzembe wake. Uzembe ulikuwa wetu, kwa kuchelewa kusema."

Sahihi yangu iko chini, katibu wa zamani. Nimeacha nafasi ya mwenyekiti wenu na ya kila mwanachama. Asiniambie mtu kwamba katiba hairuhusu. Katiba niliitunga mimi, na nimewaambia niliinakili wapi.

Mkisaini, nitakuja kwenye sherehe, nitavaa hata hiyo fulana. Msiposaini, chapeni kijitabu chenu bila mimi. Na siku yangu ikifika najua mtakuja wote, hilo sina shaka nalo, mtapika vizuri, mtaimba, mtanililia. Nawaomba msije. Siku hiyo bakini kazini.